Kiapo cha Pili ni Kizito Kuliko cha Kwanza

MGEMA akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga waliotuachia methali hii hawakutukataza kumsifu mgema aliye hodari, maana kunyamaza mbele ya kazi njema ni utovu wa fadhila. Walilotuonya ni kwamba mwenye kusifu asiache kuonja. Kila kibuyu kishukapo mnazini, tembo lionjwe. Likiwa zuri lisifiwe, na likiwa na maji isemwe waziwazi kuwa lina maji. Twaianza makala yetu kwa methali hii kwa sababu twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya sherehe ya kumwapisha kiongozi, nayo ndiyo siku ambayo watu wengi husahau kuonja.

Sherehe hizo sote twazijua. Gwaride hupigwa, mizinga hulia, ngoma hutoka kila pembe ya nchi, akina mama huvaa sare, na watoto wa shule huamshwa alfajiri ili wapate mahali pa kusimama kando ya barabara. Furaha hiyo ni halali, wala hatukusudii kuitia doa. Lakini viapo havilingani uzito. Katika kiapo cha kwanza kiongozi huapa juu ya ahadi zake, na wananchi humpa imani kama vile mtu anavyompa jirani yake jembe la kuazima. Katika kiapo cha pili huapa juu ya matendo yake mwenyewe, na wanaomsikiliza wamekwisha kuliona shamba alilolilima. Kwa hiyo kiapo cha pili ni siku ya kutoa hesabu, kama wale mawakili wa Injili waliokabidhiwa talanta, na bwana wao alipowarudia akataka kujua wamezifanyia nini.

Mfano wa jambo hili tunao hapa hapa nyumbani, nao ni kipindi cha pili cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kilichoanza mwaka 1965. Miaka zaidi ya sitini imepita, na wengi wa wasomaji wetu walikuwa hawajazaliwa. Hata hivyo twaona yafaa kuyarudia mambo yale, kwa sababu yanatufundisha namna ya kumshangilia kiongozi pasipo kumharibu.

Hesabu ya kipindi cha kwanza

Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na Mwalimu akawa Waziri Mkuu. Haukupita muda mrefu, mnamo Januari 1962, akajiuzulu cheo hicho, akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, naye akaenda kukijenga chama cha TANU miongoni mwa wananchi. Mwishoni mwa mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa Rais. Mwalimu alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha Kongresi, akapata kura zaidi ya milioni moja na laki moja, na mpinzani wake akapata elfu ishirini na kidogo. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, na Mwalimu akawa Rais wake wa kwanza.

Alifanya nini kwa imani aliyopewa? Ubaguzi wa rangi uliokuwa umegawa shule zetu katika mafungu ya Wazungu, Wahindi na Waafrika ulifutwa mara baada ya uhuru. Ardhi ilitolewa katika utaratibu wa kumilikiwa milele na mtu binafsi, ikawekwa mikononi mwa taifa. Madaraka ya machifu katika serikali yalikwisha mwaka 1963, ili mtu asitawale wenzake kwa sababu tu ya ukoo aliozaliwa. Mwaka huo huo TANU ilifungua milango yake kwa raia wa kila rangi, na likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mji wa Dar es Salaam ukawa kimbilio la wapigania uhuru. FRELIMO ilizaliwa humo mwezi Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake humo mwaka 1963.

Mwaka 1964 ukaja na tufani. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 20 ya mwezi huo askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam wakaasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Serikali ya nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza waje kuuzima uasi ule. Ilikuwa fedheha, na Mwalimu mwenyewe hakuificha. Lakini aliyeanguka matopeni akainuka na kuoga hastahili kuchekwa. Jeshi lile likavunjwa, na mwezi Septemba likazaliwa Jeshi la Wananchi. Kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimekwisha kuungana, na Mzee Abeid Amani Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Mwaka huo huo ulianza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mpango huo ulitamka malengo yake kwa tarakimu. Ulisema kwamba ifikapo mwaka 1980 umri wa kuishi wa Mtanzania, uliokadiriwa kuwa kati ya miaka 35 na 40, ufikishwe miaka 50, na kwamba nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake wenyewe. Twalisifu jambo hilo hasa kwa sababu ya tarakimu zake. Kiongozi asemaye kwamba atainua hali ya wananchi hawezi kuulizwa kitu, lakini asemaye miaka 50 ifikapo 1980 amewapa wananchi kipimo cha kumpimia.

Uchaguzi wa jembe na nyumba

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Katiba ya Muda ya mwezi Julai 1965 iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja, TANU kwa upande wa Bara na Afro-Shirazi kwa upande wa Zanzibar. Wengi ng'ambo walidhani kwamba mlango wa demokrasia umefungwa. Hata sisi tuliomo katika nyumba hatuna budi kukiri kwamba mlango mmoja ulifungwa kweli, maana aliyetaka kusimama kwa chama kingine hakuwa na pa kusimama tena, na mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1992. Lakini mlango mwingine ulifunguliwa, nao ulikuwa mpana kuliko watu walivyotazamia.

Tume iliyoongozwa na Bwana Kawawa ilikuwa imependekeza kwamba wananchi wasiletewe mgombea mmoja tu na kuambiwa wampokee. Karibu katika majimbo yote 107 ya Bara, Mkutano wa TANU wa Wilaya uliwapima wote waliojitokeza, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kushindana. Mmoja alipewa alama ya jembe, na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Wote wawili walitembea pamoja, wakasimama jukwaa moja, wakasikilizwa na watu wale wale. Walitakiwa kutumia Kiswahili peke yake. Walikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi. Tena hakuna aliyeruhusiwa kujidai kwamba yeye ndiye chaguo la Mwalimu. Kila raia mtu mzima aliyejiandikisha, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, alikuwa na haki ya kupiga kura, na kura ilikuwa ya siri.

Wananchi walipokwisha kupiga kura mwezi Septemba, matokeo yaliwashtua wakubwa. Mawaziri wawili waliangushwa, na mawaziri wadogo sita wakaanguka pamoja nao. Miongoni mwa walioanguka alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba Usukumani na mwenye jina kubwa katika historia ya chama. Wabunge wengi wa zamani hawakurudi. Upande mwingine, Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mhindi, walichaguliwa kwa kura nyingi mbele ya wapinzani Waafrika. Mpiga kura aliyekuwa akionewa mashaka kwamba atachagua kwa rangi na kwa kabila aliwaonyesha wenye mashaka kwamba yeye huchagua kwa kazi.

Katika uchaguzi huo huo wananchi waliulizwa kama wamtaka Mwalimu aendelee kuwa Rais au la. Zaidi ya milioni mbili na nusu walisema ndiyo, yaani zaidi ya 96 kwa mia. Waliosema hapana walizidi elfu tisini.

Ndugu wasomaji, yatazameni mambo hayo mawili kwa pamoja. Mkono ule ule, siku ile ile, ulimrudisha Rais na kumwondoa Waziri wake. Mkulima wa Usukumani hakuona kwamba akimpenda Mwalimu basi hana budi kumpenda kila aketiye karibu na Mwalimu. Alionja, akatofautisha. Kama wananchi wale wangewarudisha wote pasipo kubagua, ndiyo ile ya Rais nayo ingekuwa haina thamani, maana asiyejua kukataa hawezi kusadikiwa anapokubali. Twaona basi kwamba zawadi kubwa aliyopewa Mwalimu katika kiapo chake cha pili ilitoka kwa wananchi waliowaangusha mawaziri wake. Wao ndio waliofanya ushindi wake uaminike. Ni kweli kwamba Bwana Bomani baadaye alipewa tena uwaziri, na wako walioona kwamba hapo sauti ya wananchi ilipunguzwa nguvu. Lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba sauti hiyo haikusikika.

Kazi iliyofuata kiapo

Kiongozi hujulikana baada ya sherehe, turubai zikishakunjwa. Miezi michache tu baada ya uchaguzi, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wa watu wachache juu ya wengi. Nchi za Afrika zilikubaliana kuvunja uhusiano na Uingereza ikiwa haitauzima uasi ule kwa wakati uliowekwa. Tarehe 15 Desemba Tanzania ikatimiza neno lake, ingawa ilijua kwamba itapoteza mkopo wa paundi milioni saba na nusu. Zilikuwa fedha nyingi kwa nchi changa, lakini Mwalimu alikataa Afrika iwe na azimio la maneno matupu.

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamikia mishahara yao itakayokatwa, na wakataja mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu aliwafukuza mamia yao warudi makwao, na wako waliosema kwamba adhabu ilikuwa kali mno. Lakini neno lao moja lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ni viongozi wachache mno duniani waliowaadhibu wakosoaji wao kisha wakajihukumu wenyewe kwa hoja ya wakosoaji wale wale.

Kutoka hapo njia ilielekea Arusha. Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967 lilitwaa mabenki na njia kuu za uchumi, na kuyaweka chini ya umma. Lakini kipande chake kilichowauma viongozi kilikuwa masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni na kuwa na nyumba za kupangisha. Yaani yale maneno kwamba cheo ni dhamana yalitoka midomoni yakaingia katika daftari la mali. Mwaka huo huo zikafuata Elimu ya Kujitegemea na Ujamaa Vijijini, na mapatano na China juu ya reli ya kutuunganisha na Zambia. Mwezi Februari 1970, kipindi kikielekea ukingoni, Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza ziundwe halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mtu wa mashine naye awe na neno katika kazi yake.

Maji yaliyokuwamo katika tembo

Tungekoma hapa makala yetu ingependeza, lakini tungekuwa tumesifu bila kuonja. Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mwaka 1964 shirikisho lao la vyama huru lilivunjwa kwa sheria, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Viongozi kadhaa wa vyama vyao walikuwa wamewekwa kizuizini baada ya uasi wa askari. Sheria ya 1962 ilikuwa imekwisha kuufanya mgomo uwe karibu haramu. Ni kweli kwamba mfanyakazi alipata kinga ya kutofukuzwa ovyo, akapata na akiba ya uzeeni, kwa sheria za mwaka huo huo wa 1964, wala hatuzidharau sheria hizo. Lakini ulinzi uliotolewa na mkubwa si sawa na sauti aliyo nayo mtu mwenyewe. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuhukumiwa, iliyopitishwa mwaka 1962, nayo ilibaki mkononi mwa Rais katika kipindi hicho chote.

Kisha liko jambo la Ruvuma, ambalo sisi watu wa chama hatuna budi kulisema kwa unyenyekevu. Katika wilaya ya Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa miaka mingi kabla ya Azimio la Arusha. Walilima pamoja, wakagawana kwa haki, wakaamua mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Vijiji vingine vikawafuata, wakaunda Umoja wa Maendeleo Ruvuma. Mwalimu aliwapenda, na mengi aliyoyaandika juu ya ujamaa yalikuwa yanaonekana kwao kwa macho. Lakini mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Wakubwa hawakuvumilia kuona wakulima wakijiongoza pasipo kuongozwa nao. Siku zile nchi nzima ilikuwa ikiimba sifa za ujamaa, na katikati ya nyimbo hizo ukakatwa mti wa ujamaa uliokuwa umekwisha kuzaa. Mnamo miaka ya sabini, watu walipohamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, hapakuwa na Litowa ya kuwaonyesha njia ya hiari.

Hatuyasemi haya ili kumshusha Mwalimu. Twayasema kwa sababu kosa la Ruvuma halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la chama kilichojua kushangilia kuliko kilivyojua kusikiliza.

Kiapo cha pili siku hizi

Mwalimu aliapa tena mara kadhaa baada ya hapo. Katiba haikumwekea kikomo, na alipata kukiri kwamba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta kama angependa. Hakupenda. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yakaweka kikomo cha vipindi viwili kwa Rais, na tarehe 5 Novemba 1985 yeye mwenyewe akamkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi nchi, akarudi Butiama. Mzee Mwinyi akakaa vipindi viwili akatoka mwaka 1995. Benjamin Mkapa akafanya hivyo hivyo mwaka 2005, na Jakaya Kikwete mwaka 2015. Katika mambo yote ambayo Mwalimu alituachia, sisi twaliona hili kuwa miongoni mwa yaliyo bora, ingawa lilikuja mwisho wa safari yake.

Lakini kikomo hicho kimeleta mzigo mpya ambao hatuufikirii vya kutosha. Tangu hapo, kiapo cha pili ndicho cha mwisho. Anayeapa mara ya mwisho hatarudi tena kuomba kura zetu. Mwaka 1965 mpiga kura wa Mwanza alijua kwamba baada ya miaka mitano ataulizwa tena juu ya Rais yule yule. Leo hataulizwa. Nani basi atalionja tembo katika miaka mitano ya mwisho ya mgema? Ni Bunge, likiwa na wabunge wanaouliza. Ni mkutano wa tawi, ikiwa mwanachama anaweza kusimama na kusema hapana bila ya kuitwa msaliti. Ni wafanyakazi katika vyama vyao. Na ni magazeti, pamoja na gazeti la chama, ambalo wajibu wake kwa kiongozi unazidi ule wa kupiga picha za sherehe.

Basi ngoma na zipigwe. Kiongozi aliyefanya kazi njema na akarudishwa na wananchi anastahili kushangiliwa, nasi tutashangilia pamoja na wengine. Lakini kila mwanachama na kila mfanyakazi, atokapo uwanjani na kurudi nyumbani kwake, aichukue hesabu ya ahadi zilizotolewa katika kiapo cha kwanza, aisome moja baada ya moja, na ile ambayo haikutimizwa aipeleke katika mkutano wa tawi lake na kuuliza sababu. Aulize kwa adabu, lakini aulize. Wakulima wa mwaka 1965 walifanya zaidi ya kuuliza, na nchi haikuanguka.